Kengele Iliyowekwa Mbali

Nimeacha kazi ya kulea wazee. Sikufukuzwa, wala sikuichukia kazi. Magoti ndiyo yaliyoamua. Ninyi wa shifti ya mchana hapa Houston mmeniomba niandike, kwa sababu mnasema nikiongea ninawakaripia na hamsikii kitu. Sawa. Nilisoma mpaka darasa la tano, kwa hiyo atakayeona kosa alirekebishe kimya kimya. Na msitafute humu habari za vyeo. Niliingia nikiwa mlezi wa wazee na nikatoka nikiwa mlezi wa wazee, ila nimetoka polepole zaidi.

Kazi yenyewe niliianza Carrollton, kule upande wa Dallas. Binti yangu Rehema ni nesi, na aliniita kutoka Kitale nije kumlelea watoto. Watoto walipoanza shule nilibaki na runinga na friji. Nikamwambia, Rehema, nitafutie kazi kabla sijaanza kuisalimia hiyo friji. Kiingereza nilikuwa nacho kidogo, kile cha jikoni kwa watu niliowafanyia kazi za nyumba zamani. Nikasomea cheti kifupi cha ulezi, nikafaulu, na Rehema akanipeleka kwa gari mpaka kwenye makao ya wazee yaliyokuwa nyuma ya kituo cha mafuta. Sikujua kuendesha gari, na hapa asiyejua kuendesha ni kama mtoto.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mama Bahati. Alikuwa Mkongomani wa Uvira, mwanamke mrefu, amepita vita na amepita kambi, na hakuwa na haraka na mtu yeyote. Hakuniuliza jina. Alisema, "Onyesha mikono." Nikaonyesha.

"Kata hizi kucha. Ngozi ya muzee ni kama karatasi."

Nikakata hapo hapo, amenisimamia kama mwalimu. Kisha akanipeleka chumba cha kwanza na kusimama mlangoni. "Gonga."

"Lakini umesema huyu hasikii."

"Yeye hasikii. Weye unasikia."

Nimegonga milango tangu siku ile mpaka siku ya mwisho. Alinifundisha kumfunga mtu mkanda kiunoni kabla ya kumwinua, na kukunja magoti, si mgongo. "Mgongo yako si ya kubeba batu," alisema. "Njo itakurudisha kwako mangaribi." Alinifundisha kumgeuza mtu kwa shuka badala ya kumvuta mkono, kuonja uji kabla ya kumlisha mtu, kuangalia visigino na nyonga ambako vidonda vya kulala huanzia. Na alinifundisha kwamba kabla hujatoka chumbani unampa mtu kamba ya kengele mkononi. Si kando yake. Mkononi. Mengine ninyi mnafundishwa kwa video siku hizi, na bado nilikuwa nikiwakuta mkimvuta mtu kwapa.

Tulikuwa marafiki. Naandika hivyo wazi kwa sababu baadaye watu walisema hatukuwa. Tulikula pamoja kila mchana, mimi na githeri yangu ya mahindi na maharagwe na yeye na sombe yake ya majani ya muhogo, na kila mmoja alikisema chakula cha mwenzake. Alikuwa akiniita Kenya. "Kenya, leo umepika tena mahindi ya ng'ombe?"

Mzee aliyenifungua kichwa alikuja mwaka huo huo. Tulimwita Profesa kwa sababu alikuwa profesa. Alikuwa ameishi Richardson, mji wa jirani, na kufundisha chuoni fikra za Wayunani wa kale, mambo ya haki na udhalimu, maisha yake yote. Miguu ilikuwa imekufa, mikono ilitetemeka, lakini akili ilikuwa wembe. Alipiga kengele kuliko watu wote. Mto, dirisha, maji, na mara nyingine alitaka tu mtu wa kubishana naye. Kwa kuwa mimi ni mbishi, nilitumwa mimi. Tuliongea Kiingereza. Naandika hapa kwa lugha niliyoelewa nayo.

Siku moja nikimnyoa ndevu aliniuliza, "Madam, nani ana furaha zaidi? Mtu mwenye haki anayeteswa, au mtawala dhalimu anayekula vizuri?"

"Anayekula vizuri."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu najua njaa."

Alicheka mpaka nikaondoa wembe. Kisha akaeleza. Dhalimu, alisema, anawaogopa hata wanaomlinda. Anayemsifu anamdanganya, na anayemchukia anamnyamazia, kwa hiyo hajui kitu. Hana rafiki, ana watu wanaomwogopa tu. Na ndani yake mwenyewe tamaa zinamtawala, kama nyumba ambayo walevi wamemfunga mwenye nyumba stoo.

Nikamwambia kwetu tulikuwa na chifu wa namna hiyo, aliyechukua kuku na mashamba ya watu. Hakuna kilichompata. Alikufa kitandani mwake na mazishi yalijaa.

"Mlimlilia?"

"Tulikula."

"Basi umejijibu," akasema, na akanigeuzia shavu la pili nimalizie.

Nilienda nyumbani nimekasirika. Sipendi kushindwa na mtu niliyemvalisha soksi mimi mwenyewe. Lakini nilianza kuyatafuta mazungumzo yake. Siku nyingine alisema Wayunani waligundua kwamba dhalimu hazaliwi hivyo. Mara nyingi huanza akiwa mlinzi wa watu, yule anayewatetea. Watu wanampenda, wanampa fimbo awalinde nayo, na baadaye wanashangaa fimbo imegeuka. Niliona ni habari za watu wa kale waliovaa mashuka. Sikumfikiria mtu yeyote ninayemjua.

Wakati huo Mama Bahati alikuwa amekuwa kiongozi wa shifti yetu. Sijui alilipwa nini na si kazi yangu kujua. Najua jinsi alivyopata nguvu. Kulikuwa na Grace, Mkenya mwenzangu, ambaye gari lake lilikuwa likikataa kuwaka asubuhi, na ofisi ikataka kumwachisha kwa kuchelewa. Mama Bahati alisimama kwenye mlango wa ofisi, mkono huku na mkono kule, akasema Grace akienda, Waafrika wote wanaenda naye, na wao wakawaogeshe wazee. Grace hakuenda. Tulimpenda mwanamke yule siku ile kama mtu wa damu. Ofisi nayo ikaona hapa kuna mtu wa kutuliza mambo, ikamwachia kupanga zamu zote.

Asiyekwenda kanisani hataelewa maana yake. Sisi wanawake wa shifti ile tulikuwa watu wa ibada. Jumapili ndiyo siku tunayovaa nguo zetu, tunasikia lugha zetu, tunaombewa, tunajua nani amejifungua na nani amefiwa. Anayepanga Jumapili yako amekushika. Kwanza Mama Bahati alizigawa kwa haki. Halafu tukaona anayemletea chakula anapata Jumapili, na aliyekula meza nyingine anakosa. Tukaanza kucheka utani wake kabla haujaisha. Nilicheka pia. Mzaha wake wa mahindi ya ng'ombe niliucheka hata siku nilizoleta wali.

Walezi walipungua, wengine wakaenda kwenye maghala wanakolipa vizuri, na kengele hazikupungua. Ukikimbilia moja tatu zinalia. Mama Bahati akaanza kusema wazee wanaopiga sana wanatakiwa kufundishwa. Mchana mmoja niliingia kwa Profesa nikakuta kamba ya kengele imening'inizwa nyuma ya kitanda, asipoweza kuifikia. Nikairudisha mkononi mwake. Kesho yake iko nyuma tena.

"Nani ameiweka huko?"

"Unajua nani," alisema.

"Basi sema kwa nesi mkuu. Wewe una mdomo."

Alikataa. Alisema mwanamke yule ameona vita, atapoteza kazi, na yeye afadhali atendewe ubaya kuliko kuufanya. Hayo ndiyo aliyofundisha miaka yote na hawezi kuyageuza kwa sababu ya glasi ya maji.

"Profesa," nilimwambia, "hayo ni mazuri ukiwa wewe tu. Mlango unaofuata yuko Miss Dora."

Miss Dora alipata kiharusi. Alibaki na mkono mmoja na hakuwa na neno hata moja. Kengele ndiyo ilikuwa kila kitu chake.

"Na yake pia?" aliuliza.

"Tangu jana."

Akageuza macho kwenye ukuta wa Miss Dora. Kisha akasema, "Nimekosea. Kuvumilia ubaya ninaotendewa mimi ni hiari yangu. Ubaya anaotendewa Miss Dora si wangu kuuvumilia." Nilimheshimu kwa hilo. Nimefanya kazi na watu wengi wenye elimu na wasio nayo, na wachache sana wanaosema nimekosea kabla ya chakula cha mchana. Alimwambia nesi mkuu siku hiyo hiyo. Nesi mkuu akamuuliza Mama Bahati, Mama Bahati akasema mzee amechanganyikiwa, na mambo yakaishia hapo. Mzee anayetetemeka huaminiwa kidogo hapa, hata akiwa na akili kuliko ofisi nzima.

Mimi na Grace tukakubaliana kwamba mtu wetu hatumpeleki ofisini kabla ya kumwendea nyumbani. Ndivyo sisi tunavyofanya, na naona ni vizuri. Tukaenda baada ya ibada, Jumapili moja ambayo sote watatu tulikuwa huru. Mama Bahati alitupokea kwa furaha. Alikuwa amesonga fufu, amepika sombe na samaki. Watoto wake walitusalimia kwa Kiingereza na kurudi kwenye simu zao. Tulikula. Na hapo ndipo tulipokosea, kwa sababu mtu akishakulisha kwa mikono yake, maneno makali yanakwama. Grace alisema, "Mama Bahati, kazi imekuwa nyingi, wazee wanalalamika kidogo."

"Bazee banalalamika tangu Adamu," akasema. "Ongeza samaki, Grace."

Grace akaongeza samaki. Nami nikasema tu, "Tuangalie kengele zao, mama." Nilisema tuangalie. Sikusema wewe. Alinitazama, akaelewa kila kitu, akatabasamu. Alitusindikiza mpaka kwenye gari na akasimama kutupungia mpaka tukakata kona.

Ratiba iliyofuata ilitoka mimi na Grace tumepangwa kila Jumapili. Grace akaja kulia kwangu chumba cha kubadilishia nguo. Baada ya majuma machache alimpelekea Mama Bahati chapati, na Jumapili zake zikarudi. Simlaumu. Alikuwa na watoto wadogo na mume anayeendesha lori masafa ya mbali, na kanisa ndilo lilikuwa likimshikilia.

Halafu ikawa siku ya Miss Dora. Niliingia baada ya chakula cha mchana, nikagonga, nikamkuta amelala ubavu ule ule niliomwacha asubuhi, ingawa kumgeuza kulikuwa zamu ya Mama Bahati. Alikuwa ameloa. Mkono wake mzima ulikuwa umenyooshwa juu ya kichwa, unapapasa ubao wa kitanda, ukitafuta kamba. Sijui alikuwa amepapasa muda gani. Nilipomgeuza, nyonga ilikuwa imefunguka kidonda. Nilimsafisha, nikamfunika, nikampa kamba mkononi, na nikaenda chumba cha shuka ambako Mama Bahati alikuwa akikunja.

"Miss Dora ana kidonda," nilisema.

"Nitamwangalia."

"Kengele yake umeiweka mbali."

Aliendelea kukunja. Alikunja vizuri sana, kona kwa kona. "Kenya, weye nilikufundisha hata kukunja shuka. Unakuya kunifundisha kazi?"

"Wewe ndiye uliyeniambia kamba iwe mkononi."

"Ile wakati tulikuwa batu wengi. Sasa niko na mikono ngapi? Uniambie. Nikikimbilia huyu, yule anaanguka. Lazima mtu moja achague nani anangoja. Kule kwetu, kama hakuna mtu wa kuchagua, wote wanakufa."

"Hapa si kule. Umechagua wale wasioweza kukusema."

Hilo lilimpata. Aliweka shuka chini. Akasema kwa sauti ya chini, sauti ya zamani tuliyokuwa tukila nayo, "Utapata Jumapili zako zote. Na Grace pia. Nitaandika leo. Bon. Iishe."

Nataka mjue kwamba nilizitaka zile Jumapili. Nilikuwa sijaimba na watu kwa majuma mengi. Na nilimtaka yeye pia, nilitaka turudi mezani. Nilisimama pale nikifikiria maneno ya Profesa na hayakunisaidia sana. Kilichonisaidia ni ule mkono wa Miss Dora juu ya ubao. Nikasema, "Mama Bahati, njoo twende wote kwa nesi mkuu. Useme mwenyewe. Nitasimama na wewe."

"Toka," akasema.

Nikaenda peke yangu. Nikampeleka nesi mkuu chumbani, nikamfunulia nyonga, nikamwonyesha kitanda baada ya kitanda mahali ambapo kamba zilikuwa zimening'inizwa. Safari hii Mama Bahati hakuweza kusema mzee amechanganyikiwa. Wakaguzi walikuja. Makao yalisemwa, ofisi ikasema haikujua, ingawa ofisi ndiyo iliyotuacha wachache na kufumba macho. Mama Bahati peke yake ndiye aliyenyang'anywa cheti. Haruhusiwi tena kulea wazee. Sikuwa nimejua kwamba itafika huko, lakini sitajificha nyuma ya kutojua. Hata kama ningejua ningekwenda, maana kidonda kilikuwa kidonda.

Rehema aliniambia, "Mama, you should have left it. Tutasemwa." Tulisemwa kweli. Kanisani mama mmoja alikataa mkono wangu wakati wa kupeana amani, akasema nimemchoma mwenzangu kwa wazungu. Grace alipata Jumapili zake na hakukaa benchi langu.

Profesa nilimwambia akiwa mezani, ninamlisha supu. "Ulisema mwenye haki ana furaha. Mimi silali."

"Sikusema utalala," alijibu. "Nilisema utaweza kukaa na nafsi yako."

"Nafsi yangu haipiki sombe."

Hakucheka. Akauliza, "Kama ungenyamaza, ungekuwa na nini?"

"Ningekuwa na rafiki."

"Ungekuwa na bwana wa kumpelekea chapati. Rafiki ulimpoteza siku kengele ya kwanza ilipoondolewa."

Alikuwa sahihi, na nilimwonea uchungu kwa kuwa sahihi. Nikamuuliza, na yeye je, Mama Bahati? Wayunani wako walisema nini juu yake? Akasema walisema kwamba anayetenda ubaya ana hali mbaya kuliko anayetendewa, na kuzuiwa ni heri kwake, kama mgonjwa anayepelekwa kwa daktari. Nikamwambia mgonjwa huwa na mtu wa kumsindikiza hospitalini, na huyu ametupwa mlangoni. Akafikiri. Akasema, "Basi mfuate." Lakini alikuwa amekwisha kuhama. Watoto wake waliondolewa shule na simu yake haikupokewa. Miss Dora kidonda chake kilipona polepole. Profesa alifariki majira ya joto yaliyofuata, na mimi ndiye niliyemvalisha.

Rehema alipopata kazi Houston nilikuja naye, na mmenijua hapa. Mmekuwa mkishangaa kwa nini nilikuwa mkali juu ya kengele kuliko juu ya kitu chochote, na kwa nini nilikataa kila mara nilipoombwa kupanga zamu. Mlidhani ni uvivu. Niliogopa ile kalamu. Nimemjua mwanamke bora kuliko mimi ambaye kalamu hiyo ilimharibu.

Mwaka huu, baada ya kuaga, nilisikia kwa Wakongomani wa kanisa moja la Alief, hapa hapa Houston, kwamba Mama Bahati anaishi nyuma ya barabara yao, kwa kaka yake. Nilijifunza kuendesha nikiwa nyanya mzima, nikajiendesha mwenyewe mpaka huko. Kaka yake alinifungulia, akaniita mama, akatuacha.

Amezeeka. Alikuwa amekaa kwenye kochi na sare ya ghala, amerudi kazini muda si mrefu. Alinitazama sana.

"Kenya. Umenenepa."

"Na wewe umekonda."

"Ninafunga maboksi. Boksi haisemi asante." Akaniuliza Miss Dora alipona? Nikasema alipona. Akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Ile mwanamke alipenda maziwa ya moto. Haukujua. Mimi njo nilijua."

"Sikujua."

Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi njiani, yote yakapotea. Nikasema, "Nimekuja kukupa pole. Nilikutafuta."

"Pole ya nini? Ya kusema, ao ya vile niliondoka?"

"Ya vile uliondoka. Peke yako."

"Na ya kusema?"

Ningeweza kumdanganya. Mtu mwingine angesema yale yamepita, na labda angeletewa chai. "Hapana," nilisema. "Ile ningesema tena."

Alikaa akiangalia mikono yake. Kucha zake bado zilikuwa fupi. "Ninajua," akasema. "Kama ungesema ndiyo, ningekufukuza sababu ya uongo. Umesema kweli, na sina nguvu ya kukula na weye. Enda, Kenya."

Nikasimama. Watu wetu, hata mkigombana, mgeni husindikizwa. Mwenyeji hutoka naye, huongea naye hapo nje mpaka mambo ya maana yanasemwa mwisho kabisa, mkono uko kwenye mlango wa gari. Mama Bahati hakuinuka. Nilifungua mlango mwenyewe na kuufunga.

Nilikaa ndani ya gari mbele ya nyumba ile, joto la Houston linanichoma kupitia kioo, ufunguo uko mkononi. Sikuwasha. Nilikuwa bado namngoja atoke.